Sanamu kwenye rafu ya viatu: yoga ni mazoezi tu, au tunachezea dini ya watu?

#1 BintiMakumbusho
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linanikereketa tangu Jumamosi. Huu ni mwaka wa pili nafanya yoga, mgongo ulinigomea kwa sababu ya kiti cha ofisi. Darasa letu liko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme. Mwalimu ni dada wa Kizungu, mpole, kazi yake anaijua. Ukimaliza ngazi unakuta rafu ya viatu, na chini kabisa ya hiyo rafu, katikati ya ndala na raba zetu, kulikuwa na sanamu ya Ganesh, yule mwenye kichwa cha tembo, kimo cha chupa ya soda. Nimeweka raba zangu pembeni yake muda wote huo, sijawahi kuwaza.

Jumamosi akaja mama wa Kihindi, mgeni, rika la mama yangu. Akainama kuvua viatu, akaiona. Akabaki ameinama vile vile. Kisha akaichukua kwa mikono miwili, akaifuta vumbi kwa pindo la mtandio wake, akaipandisha dirishani. Akavaa viatu, akashuka. Hakusema neno. Mwalimu alipotoka ndani akauliza nani kahamisha pambo.

Mimi nasema hivi: yoga ni ya Wahindu, na sisi pale juu tulikuwa tunapika jikoni kwa mtu bila kupiga hodi. Kwenye kundi letu la WhatsApp wamenicheka, wanasema ni mazoezi kama kuruka kamba. Mnasemaje?

#2 KichwaNgumu
Mazoezi tu. Mpira ni wa Waingereza, mbona hatuwaombi ruhusa kabla ya kwenda kwa Mkapa?

#3 UkinduMkavu
Nimetandika mkeka hapa, nasubiri wajuzi.

#4 MwanaWaKibokoni
Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Leo methali imejileta yenyewe hadi mlangoni, na viatu imekuja navyo.

#5 Abu Nuhu
Assalaam alaykum. Haya tuliyasema zamani tukaitwa washamba. Baraza la Fatwa la Malaysia lilikataza yoga mwaka 2008, Indonesia wakafuata 2009. Sasa mleta mada mwenyewe kakiri kuwa ni ya Wahindu. Muislamu anatafuta nini huko?

#6 KichwaNgumu
Lakini kuhusu sanamu nakubali. Kumweka mungu wa watu kwenye rafu ya viatu ni rafu kweli, refa angetoa kadi.

#7 MaskatiLeo
Abu Nuhu, wa alaykum salaam. Habari yako nusu. Malaysia walikataza ile inayochanganya mikao, kuimba mantra, yaani maneno ya ibada, na ibada yenyewe, na baada ya makelele waziri mkuu wao akasema mtu anaweza kuendelea na mazoezi bila kuimba. Indonesia nao walitenganisha: yenye ibada haramu, ya kunyoosha viungo haina neno. Na Saudia, Novemba 2017, waliiandikisha yoga kuwa mchezo. Mwanamke aliyeipigania huko, Nouf Marwaai, India ikamtunuku nishani ya Padma Shri mwaka uliofuata.

Hapa Maskati kina mama wa Kiswahili wanafanya asubuhi kabla ya jua kukaza. Hakuna anayetamka Om. Wanatamka "goti langu".

Tena usisahau kwamba mwanazuoni wa Kiislamu Al-Biruni aliitafsiri kwa Kiarabu, karne ya 11, kazi ya Patanjali, yule mwandishi wa kale wa yoga. Na karne ya 16 kulikuwa na shekhe wa kisufi huko Gwalior, Muhammad Ghawth, aliyeandika kwa Kiajemi kuhusu mikao na pumzi za mayogi, na nakala yake ikachorwa picha kwa ajili ya mwanamfalme wa Kimughal. Kwa hiyo Waislamu kuchungulia yoga si jambo la jana.

#8 KichwaNgumu
Basi yamekwisha. Mazoezi. Mods fungeni uzi.

#9 JiraniWaKisutu
Usifunge kwanza, mkuu.

Mimi huwa msomaji tu humu. Ni Mgujarati, nimezaliwa Dar, mama kazaliwa Dar, bibi ndiye aliyepanda jahazi. Na ni Mhindu. Nianze na maneno, maana naona yanachanganywa kila siku. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mwenye dini ya Kihindu. Wahindi wengi mnaowajua mjini si Wahindu: kuna Maismailia, Mabohora, Masingasinga, Wagoa wanaokwenda kanisani. Na hilo "Baniani" lilikuwa jina la watu wa tabaka la wafanyabiashara, pwani likawa la kila Mhindu. Methali naijua, nimeimbiwa shuleni. MwanaWaKibokoni sikulaumu, ila ukiitafakari inasema hasa kile dada anachouliza: mtu humtaki, chake unakitaka.

Sanamu. Ganesh kukaa mlangoni ni sawa kabisa, yeye ndiye mwondoa vikwazo, unaanza naye jambo lolote. Lakini si usawa wa miguu, na viatu ndiyo kabisa. Nyumbani kwetu ukigusa kitabu kwa mguu kwa bahati mbaya unakigusa kwa mkono kisha unaugusa uso wako kuomba radhi. Kitabu tu! Huyo mama alifanya ambacho bibi yangu angefanya, mpaka na kufuta vumbi.

Sasa bibi. Alikuwa anaamka saa kumi na moja, anaoga, anakaa juu ya shuka iliyokunjwa mara nne, anaziba tundu moja la pua kwa kidole gumba anavuta pumzi, anaachia kwa tundu la pili. Mizunguko kadhaa. Kisha anawasha utambi kwenye kihekalu chetu cha jikoni, juu ya kabati la vikombe. Huo ndio mwisho. Sijawahi kumwona kanyanyua mguu, na neno yoga sikumbuki kulisikia kwake. Mimi ule mkao wa mbwa anayejinyoosha nilijifunza YouTube, kwa Mmarekani.

Kwa hiyo ukiniuliza nimeibiwa nini, sijui nikuonyeshe nini. Lakini ile sanamu imeniuma.

#10 BintiMakumbusho
Asante, na samahani kwa raba zangu.

#11 Msomaji_wa_Usiku
Bibi yako hakuijua vizuri tu. Yoga ina miaka 5,000, kuna muhuri wa Mohenjo-daro, mji wa kale wa Bonde la Indus, una mtu kakaa mkao wa yoga. Baadaye Patanjali akaandika mikao yote 84.

#12 KaratasiKavu
Msomaji, taratibu. Na bibi wa mwenzio mwache, alichokuwa anafanya ni cha kale kuliko hicho tunachofanya kwenye jimu.

Muhuri upo. Mwanaakiolojia Mwingereza John Marshall ndiye aliyesema huyo ni Shiva, mungu wa Wahindu, wa mwanzo. Lakini maandishi ya Bonde la Indus hayajasomeka mpaka leo, kwa hiyo mtu aliyekunja miguu anaweza kuwa mungu, mfalme, au mtu kachoka. Patanjali hakuandika mikao 84. Kazi yake ina vifungu vifupi 195 au 196 kutegemea nakala, na vinavyogusa mkao ni vitatu hivi. Kinachojulikana zaidi kinasema tu kwamba kikao kiwe imara na cha raha. Basi. Vilivyobaki ni akili, pumzi, maadili, kutuliza mawazo. Hesabu ya 84 inatoka kwenye mapokeo ya hatha, yaani yoga ya mwili na pumzi, na hata andiko maarufu la hatha la karne ya 15 linataja 84 kisha linaeleza 15 tu, nyingi zikiwa za kukaa.

Kule kusimama, kuinama, kuruka na kutoka jasho kulishika kasi juzi. Raja wa Aundh alikuwa anaeneza surya namaskar, ule mfululizo wa mikao ya kusalimia jua, miaka ya 1920. Kuanzia 1933 mwalimu Krishnamacharya alifundisha vijana kwenye kasri la Mysore kwa udhamini wa maharaja. Kwake wakatoka walimu waliokuja kuvuma duniani: Iyengar, Pattabhi Jois, na mwanamke mzaliwa wa Riga aliyejiita Indra Devi, aliyefungua darasa Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 2010 mtafiti Mark Singleton akaandika kwamba mikao mingi ya leo imechanganyika na jimnastiki ya Ulaya iliyokuwa imeenea India wakati wa Waingereza. Watu walimkasirikia sana.

Kwa hiyo Binti, hicho mnachofanya juu ya duka la umeme kina umri wa babu yako.

#13 KichwaNgumu
Nilisema mimi. Jimnastiki ya Wazungu, imezunguka, imerudi kwa Wazungu.

#14 JiraniWaKisutu
Hapana kaka, hapo umevuka mtaro. Krishnamacharya alikuwa Brahmini, wa tabaka la makuhani, mtu wa ibada haswa. Kuchanganya hakufuti mwenyewe. Mahindi yametoka Amerika, yameletwa huku na majahazi ya Wareno. Ugali ni wa nani? Nenda Songea ukawaambie ugali ni wa Wameksiko.

#15 UkinduMkavu
😂😂 Kichwa Ngumu, kadi hiyo.

#16 MwanaWaKibokoni
Jirani, hapo umenena, na neno lile nimelirudisha mfukoni.

Ila nami nina la kuuliza. Taarabu ya huku kwetu Mombasa, nyimbo ngapi zimekaa juu ya sauti za filamu za Kihindi? Mtu atoka sinema usiku, asubuhi yuatia maneno ya Kiswahili, Ijumaa arusini watu watunza. Na chapati? Pesa? Gari? Laki? Bima? Yote hayo twayasema na hatujaitisha kikao. Mbona hakuna aliyesema twaiba?

#17 KaratasiKavu
Kwa sababu chapati hakuna anayeisujudia. Jaribu kuchukua adhana uifanyie muziki wa jimu, uone.

#18 Abu Nuhu
Audhubillahi. Hilo hata kwa mfano usilete.

#19 KaratasiKavu
Ndiyo maana nimeuleta, shekhe.

#20 MbaliNaNyumbani
Salaam kutoka kwenye barafu. Miaka hiyo nilikuwa hapa Kanada. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Ottawa darasa la bure la yoga lilisimamishwa. Lilikuwa chini ya kituo cha wanafunzi wenye ulemavu, na viongozi wa wanafunzi wakasema kuna wasiwasi kuhusu utamaduni uliotoka kwa watu waliokandamizwa na ukoloni. Dunia nzima ikawacheka. Januari 2016 darasa likarudi, safari hii mwalimu ana asili ya India.

Nilivyoona mimi, Wahindi niliokuwa nasoma nao hawakuulizwa kwenda wala kurudi. Mmoja wao alikuwa anaikimbia yoga kama dawa ya minyoo, mama yake alimlazimisha utotoni. Siku ile kila mtu kwenye korido alimgeukia yeye aseme "ninyi mnajisikiaje". Akasema ana mtihani.

#21 KichwaNgumu
Huyo ndiye ningempa uenyekiti wa kamati.

#22 Mzee wa Chumbageni
Vijana, nimewasoma wote.

Mnasema kupora. Mimi niko Tanga tangu kuzaliwa. Mwaka 1971 majumba yalipotaifishwa, jirani yetu aliyekuwa na duka la vitambaa chini na familia juu aliamka mpangaji kwenye nyumba aliyoijenga. Mwaka mmoja hakufika, wakaondoka. Mama wa nyumba ile alipita kuaga majirani mlango kwa mlango, akamwachia mama yangu sufuria mbili za shaba. Hakulalamika hata neno. Sisi watoto tukasema, Wahindi hawana uchungu.

Kwa hiyo binti aliposema yule mama alishuka ngazi bila kusema kitu, mimi hicho kimya nimekitambua. Sisemi serikali ilikosea au haikukosea, huo ni uzi mwingine. Nasema tu nimekitambua.

#23 JiraniWaKisutu
Shikamoo mzee. Umenifanya nikae kidogo.

#24 Mzee wa Chumbageni
Marahaba. Sufuria moja bado ninayo.

#25 KinyoziWaMathare
Niaje wadau. Nairobi hapa. Jina ni la zamani, siku hizi sinyoi tena, nafundisha yoga.

Nilianzia kwa ile programu ya Africa Yoga Project, ilianza 2007, ikawafunza vijana wengi wa mitaa kama yetu ualimu. Nimefundisha kwenye ukumbi wa shule, kwenye uwanja wa vumbi, hata jela. Watoto wa Mathare hawajawahi kuniuliza kama ni dini. Waliuliza kama kuna chai baadaye.

Shida yangu ni nyingine. Kuna hoteli moja ya pwani ilitangaza inataka mwalimu wa msimu. Nikatuma vyeti, video, kila kitu. Tukaongea kwa simu, wakapenda. Wakaomba picha ya kuweka kwenye tovuti. Nikatuma. Siku tatu kimya, halafu meneja, mwenzetu kabisa, ananiambia kwa upole kwamba wageni wanatarajia mwalimu kutoka India ama Ulaya. "Sura lazima ifanane na kitu chenyewe," ndivyo alivyosema.

Sasa nisaidieni. Jirani akiniambia hii ni ya Wahindu nitamheshimu, namaste naitamka nikijua natamka nini. Lakini huyo meneja aliona Mzungu anafanana na yoga, mimi sifanani. Ule mchoro wa msichana mwembamba wa Kizungu ufukweni jua likizama ndio umekuwa mwenyewe. Mhindi ameshushwa kwenye bango, na mimi sikuwahi kupandishwa.

#26 BintiMakumbusho
Kinyozi, nimeguna. Na ukweli niseme: nilipojiandikisha nilimchagua huyu dada kwa picha yake. Kulikuwa na kaka mmoja Sinza bei nusu.

#27 Msomaji_wa_Usiku
Mnapigana bure, yoga yenyewe ina hakimiliki, inamilikiwa na Bikram.

#28 KaratasiKavu
Msomaji, leo umeamua kunipa kazi. Bikram Choudhury alidai hakimiliki ya mfululizo wake wa mikao 26 kwenye chumba cha joto. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikataa, ikasema huo ni utaratibu wa kufanya jambo, haumilikiwi. Baadaye akakimbia Marekani akiwa na deni la mamilioni ya dola kwenye kesi ya aliyekuwa mwanasheria wake. India yenyewe ilikuwa imeshastuka, kwenye maktaba yao ya kidijitali ya maarifa ya jadi wakaingiza mikao, ili mtu akienda kuomba hataza aonyeshwe kuwa kitu kina wenyewe. Na aliyewashtua alikuwa Mhindi mwenzao, mzaliwa wa Kolkata.

#29 MbaliNaNyumbani
Kwenye kusajili sisi tusijifanye wageni. Disney waliisajili "hakuna matata" Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Mwisho wa 2018 Mzimbabwe mmoja akaanzisha ombi mtandaoni, watu zaidi ya laki moja wakatia saini. Humu humu watu walitoa povu.

#30 KichwaNgumu
Nilitoa povu mimi mwenyewe. Lakini nikagundua hakuna aliyenizuia kusema hakuna matata.

#31 MbaliNaNyumbani
Uchapishe fulana uiuze Marekani ndipo utajua.

#32 Abu Nuhu
Turudi. Mnasema mazoezi. Surya namaskar maana yake ni salamu kwa jua. Mtu anaamka anasalimia jua mara kumi na mbili, halafu unaniambia ni viungo. Jina lenyewe linashuhudia.

#33 MaskatiLeo
Hoja hiyo India yenyewe waliisikia. Siku ya kwanza ya Yoga duniani, Juni 21, 2015, Waislamu wa huko walipinga, na serikali ikaitoa surya namaskar kwenye ratiba rasmi.

#34 JiraniWaKisutu
Na Wahindu wengi wakachukia, pamoja na mjomba wangu. Hapa ndipo mimi huwa napotea. Modi, waziri mkuu wa India, alikwenda Umoja wa Mataifa Septemba 2014 akasema yoga ni zawadi kwa wote, Desemba azimio likapita, nchi 177 zikaliunga mkono. 2016 UNESCO wakaiandika kwenye urithi, kikao kilikuwa Addis Ababa. Zawadi kwa wote, sawa. Lakini ukifika nyumbani siasa za chama chake zinasema Uhindu kwanza. Sasa yoga ni ya wote ikiwa New York, na ni ya kwetu ikiwa Uttar Pradesh?

Wahindu wa Marekani nao, wale wa Hindu American Foundation, walianzisha kampeni ya kurudisha yoga kwa wenyewe. Mwaka 2010 daktari mmoja wao, Aseem Shukla, alibishana gazetini na Deepak Chopra, yule mwandishi maarufu. Chopra akisema yoga ni pana kuliko Uhindu, Shukla akisema umeikata mizizi ukauza maua. Wote wawili Wahindi. Wote madaktari. Mama yangu alisoma akasema wakale.

#35 KaratasiKavu
Na "wenyewe" ni nani hasa? Wabudha na Majaini walikuwa na kutafakari kwao enzi hizo hizo. Mayogi wa Nath, kundi la watawa ambao hatha imepita mikononi mwao, walikuwemo watu wa tabaka la chini kabisa, na hata Waislamu. Ukisema yoga ni ya Wahindu, Brahmini anaitikia mbele ya wote, naye kwenye hatha alichelewa kufika. Mtawa Vivekananda aliyekwenda Chicago 1893 kuutangaza Uhindu aliidharau hiyo mikao, aliona ni sarakasi.

#36 JiraniWaKisutu
Nakubali nusu. Nath nao wanamwabudu Shiva. Ukitoa tabaka bado Shiva yupo.

#37 KaratasiKavu
Nusu nayo ni ushindi.

#38 MbaliNaNyumbani
Kuna la ajabu zaidi. California, mji wa Encinitas, wazazi Wakristo walishtaki shule kwa kufundisha yoga, wakisema ni Uhindu mtupu. Shule ikasema si dini, ikafuta majina ya Kisanskriti. Mkao wa yungiyungi ukapewa jina la kitoto. Hakimu 2013 akasema ilivyofundishwa pale si dini, rufaa 2015 ikakubali. Kwa hiyo waliosimama mahakamani kushikilia kwamba yoga ni ya Wahindu walikuwa walokole!

#39 Msomaji_wa_Usiku
Marekani si walishapiga marufuku?

#40 KaratasiKavu
Jimbo moja, Alabama, shule za umma, tangu 1993. 2021 wakalegeza: mikao ruksa, ila majina yawe ya Kiingereza, na mantra na neno namaste marufuku.

#41 JiraniWaKisutu
Hiyo ndiyo inaniuma kuliko sanamu. Rafu ya viatu ni kutojua. Hii ni kujua. Mwili wa kitu mmeuchukua, jina mmeliandikia sheria lisitamkwe.

#42 MwanaWaKibokoni
Kiatu kimevaliwa, Baniani kaachwa nje.

#43 JiraniWaKisutu
Hapo umeitumia vizuri, nakuruhusu.

#44 DaktariViungo
Samahani nawakatisha. Mnabishana ya mbinguni, mimi napokea ya duniani. Wanaokuja kwangu ni shingo na magoti. Mtu wa miaka hamsini, kitambi, shinikizo la damu, kaona klipu kasimama kwa kichwa. Kusimama kwa kichwa si jambo la kuanzia. Na ukikunja goti kulazimisha mguu juu ya paja, nyonga ikikataa, goti ndilo linalolipa.

#45 BintiMakumbusho
Wakuu, mrejesho.

Jana niliwahi nikaongea na mwalimu. Alibadilika rangi. Kumbe sanamu alinunua mnadani, akaambiwa tembo huyu huwekwa mlangoni kukaribisha wageni, na mlangoni kwetu kuna rafu tu. Hakujua kuhusu viatu. Sasa Ganesh amewekewa kishubaka ukutani, usawa wa kifua. Halafu akaniuliza, na mimi nawauliza ninyi: aache kusema namaste mwisho wa darasa au aendelee? Yule mama hajarudi, na namba yake haikuandikwa.

#46 JiraniWaKisutu
Namaste ni salamu. Kwa shangazi yangu ndiyo shikamoo. Kwetu husemwa mtu akiingia, sijui nani aliamua iwe ya kuagia. Aseme tu, ila asifumbe macho kama anakata roho.

#47 Abu Nuhu
Mimi ningesema aache. Lakini kumpandisha huyo tembo kutoka kwenye viatu amefanya adabu.

#48 KinyoziWaMathare
Mimi husema "asanteni" halafu namaste. Hakuna aliyelalamika ila mimi kwa meneja wa hoteli.

#49 JiraniWaKisutu
Na huyo mama, Binti, alivaaje? Mtandio rangi gani? Kisutu ni padogo, hekaluni Jumapili nikiuliza nitampata.

#50 BintiMakumbusho
Kijani, ncha za dhahabu. Miwani kwenye mnyororo.

#51 KichwaNgumu
Ngojeni. Hilo darasa ni shilingi ngapi?

#52 BintiMakumbusho
Elfu ishirini kwa kipindi.

#53 KichwaNgumu
Elfu ishirini? Kwa kupumua? Sasa nimekubali kuna mtu ameibiwa. Ni wewe.

#54 UkinduMkavu
Mimi niliyetandika mkeka tangu #3 nina la kuripoti. Nimeujaribu huo mkao wa mbwa jana usiku, juu ya mkeka wa ukindu, kwenye sakafu ya vigae. Mikono ilikwenda Kigamboni, miguu ikabaki Kariakoo. Nina alama kidevuni, mke wangu anadhani nimepigana. Ile mikeka ya mpira inauzwa mtaa gani?

#55 DaktariViungo
Kabla ya mkeka, hicho kidevu kinafunguka vizuri ukitafuna?